Niliona jicho jeupe kwenye picha, nikacheka

Kabla hujaendelea kusoma, fanya kitu kimoja. Ingia kwa picha za simu yako utafute ile ya Krismasi, ile watoto wa ukoo wamejazana kwa kochi moja, wengine wamefumba macho, mmoja analilia soda. Kama ilipigwa usiku na flashi ikawaka, kuna watoto watakaokuwa na macho mekundu. Hiyo ni kawaida. Mwanga umeingia ndani ya jicho, ukafika nyuma penye mishipa ya damu, ukarudi na rangi yake. Sasa angalia kama kuna mtoto ambaye jicho moja ni jekundu na lingine linang'aa jeupe, kama la paka aliyemulikwa na taa za gari.

Mimi niliona. Ilikuwa Desemba 2024, ushago Nyandarua, stima zimepotea, watoto wamepangwa sebuleni. Picha nilipiga mwenyewe nikaitupa kwa grupu ya WhatsApp ya familia. Wa kwanza kujibu alikuwa binamu yangu: "Huyo paka ni wa nani?" Nikarudisha emoji tatu za kucheka. Ziko hapo mpaka leo. Sijazifuta, na sidhani nitazifuta.

Huyo "paka" ni mpwa wangu, mtoto wa pili wa dadangu. Nyumbani tunamwita Mdosi, kwa sababu tangu ajue kutembea anatembea mikono ikiwa nyuma kama landilodi aliyekuja kuitisha kodi. Wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi. Alikuwa anakula vizuri, hana homa, usiku analala. Kitu pekee ambacho dadangu alikuwa ameona ni jicho la kushoto lililoanza kukimbia kando kidogo. Mathe akasema litanyooka akikua, eti hata mimi nilikuwa hivyo.

Mwisho wa Januari nilikuwa ndani ya mathree, jam imekwama pale Donholm, nikipitisha video moja baada ya nyingine bila kazi. Ikaja ya mama fulani wa ng'ambo akionyesha picha ya mtoto wake. Jicho moja jekundu, moja jeupe. Alisema maneno kama sita tu nikaacha kumsikiliza, nikaingia kwa picha zangu. Nilirudi nyuma mwezi baada ya mwezi nikiangalia kila moja yenye Mdosi na flashi. Nikapata nne. Ya kwanza ilikuwa ya Septemba. Yaani simu yangu ilijua miezi minne kabla yetu, na mimi ndiye nilikuwa nimeibeba mfukoni.

Ugonjwa wenyewe unaitwa retinoblastoma. Ni saratani ya retina, ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Hushika watoto wadogo, wengi wakiwa chini ya miaka mitano, na ni nadra, kama mtoto mmoja kati ya kila 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa. Huanzia kwa jeni moja inayoitwa RB1, ambayo kazi yake ni kama breki: inazuia seli zisigawanyike ovyo. Kuna watoto wanaorithi hitilafu hiyo kutoka kwa mzazi, lakini wengi hawairithi, inatokea tu. Hakuna kitu mama alikula. Hakuna mtu alimwangalia mtoto vibaya. Nasema hivi kwa sababu dadangu aliulizwa maswali hayo mawili na watu wa ukoo wetu wenyewe, tena wengine walimuuliza mbele yangu na sikusema kitu.

Na si kila jicho jeupe kwa picha ni saratani. Mtoto akiangalia kando mwanga unaweza kurudi vibaya, na kuna mtoto wa jicho, ule ukungu ambao watu wengi hudhani ni wa wazee tu. Lakini kujua ni lipi ni kazi ya daktari wa macho, si ya grupu ya familia. Hata kile kijitabu cha kliniki ya mama na mtoto, kile mnachoweka chini ya godoro baada ya chanjo za mwanzo, kina sehemu ndogo ya macho inayouliza kama mboni ni nyeusi au nyeupe. Cha Mdosi tulikifungua tukiwa tayari hospitalini.

Kufika huko kwenyewe kulituchukua muda. Zahanati ya kwanza ilitupa dawa ya kupaka na kutuambia turudi baada ya wiki mbili. Dadangu alirudi baada ya siku tatu, mimi nikiwa naye, nikamwonyesha muuguzi picha zote nne. Huyo muuguzi alichukua simu, akavuta picha ikawa kubwa, akanyamaza, akaandika barua ya rufaa bila hata kukaa. Kama unasoma hii, dada, asante.

Hospitali kuu Mdosi alilazwa usingizi wa dawa ndio waweze kupanua mboni na kuchungulia nyuma ya jicho, kwa sababu hakuna mtoto wa miaka miwili anayekubali taa machoni. Jicho la kulia lilikuwa safi. La kushoto uvimbe ulikuwa umejaa. Daktari alikaa chini na sisi, si kwa haraka. Alisema, "Hili jicho halioni, na sijui ni tangu lini. Likibaki, huu ugonjwa utafuata mshipa wa jicho mpaka kwenye ubongo. Ukifika huko, sitakuwa na mengi ya kuwafanyia." Halafu akatuambia jicho litolewe, wiki hiyo au inayofuata.

Hebu jiweke pale. Una mtoto anayecheka, anakimbia, hana maumivu, na mtu uliyekutana naye leo asubuhi anakuambia umpe ruhusa amtoe jicho. Shemeji alisimama akatoka nje. Mimi nilidhani amekwenda kulia. Alikuwa amekwenda kumpigia mamake simu.

Jumapili iliyofuata kukawa na kikao kwa dadangu, Kayole, watu kumi na moja ndani ya chumba cha kulala na sebule. Mamake shemeji, ambaye watoto humwita Shosho wa Mwea, alipanda gari la alfajiri. Yeye ndiye alitoa kauli ambayo hakuna aliyeweza kuijibu: "Mungu aliyempa macho mawili hakukosea hesabu." Anko mmoja alikuwa na namba ya mtu wa miti shamba. Mwingine alitaka tungoje maombi ya siku ishirini na moja. Dadangu alikuwa amemshika Mdosi mapajani akimlisha wali, na kila mtu akiongea juu ya mtoto kama mtoto hayuko.

Sitaki ucheke watu hawa. Wanampenda. Shosho wa Mwea aliuza gunia mbili za mchele baadaye bila kuombwa. Lakini tulipoteza siku kumi na sita, na mara nyingi hapo ndipo watoto wa hapa kwetu hupotea. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wenye saratani hii hupona. Dawa ni zilezile, upasuaji ni uleule. Tofauti kubwa ni kwamba wao hufika mapema na hurudi kila wanapoitwa, na sisi wengi tunafika uvimbe ukiwa umetoka nje ya jicho, au tunafika mapema halafu tunarudi nyumbani kufanya kikao. Shirika la Afya Duniani lilijiwekea shabaha mwaka 2018, kwamba ifikapo 2030 angalau watoto sita kati ya kumi wenye saratani duniani wawe wanapona. Sita tu.

Kilichotuvusha si hotuba. Siku ya kumi na tano tulikuwa kwa foleni ya kliniki, shemeji amekuja shingo upande tu, na kando yetu alikaa mama mwenye kijana wa miaka kama sita. Kijana alikuwa anasumbua na gari la waya. Yule mama alimsikiliza shemeji akibishana na dadangu kwa sauti ya chini, kisha akamwita mtoto wake. "Simama hapa. Angalia huyu anko." Akamgeukia shemeji. "Jicho moja ni la bandia. Sema ni lipi."

Shemeji ni fundi wa welding, Kariobangi. Kazi yake ni kuangalia vitu kwa karibu. Aliinama, akaangalia kwa muda mrefu, akaangalia tena. Akasema la kulia.

Halikuwa la kulia.

Fomu alitia sahihi siku iliyofuata.

Upasuaji haukuchukua muda mrefu, kama saa moja hivi. Walipotoa jicho waliweka mpira mdogo ndani ya tundu ili uso ukue sawasawa, na jicho lenyewe likapelekwa maabara. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu: ugonjwa ulikuwa umeanza kupenya kwenye tabaka la nyuma. Kwa hivyo kemotherapi, raundi sita, kila raundi baada ya siku ishirini na moja.

Hapa ndipo nataka uwe makini, kwa sababu hapa ndipo sisi vijana wa mtaa hudhani kazi imeisha. Grupu ilifunguliwa, picha ya Mdosi ikawekwa na bandeji, namba ya M-Pesa chini yake. Watu 143 waliongezwa. Wiki ya kwanza zikaingia elfu themanini na saba. Kila mtu alikuwa na maneno matamu na mikono ya maombi. Raundi ya tatu ilipofika, grupu ilikuwa na watu 61 na wiki nzima ilipita bila mtu kuandika kitu. Nilikuwa naona tu ile mistari ya kijivu, fulani ameondoka, fulani ameondoka. Siwalaumu. Wengi walidhani harambee ni kama ya mazishi au ya kwenda ng'ambo: unatoa mara moja, unaenda kwako.

Matibabu ya mtoto ni kalenda, na ni kalenda ndefu. Siku mbili za dripu, ambazo zinakuwa tatu au nne kwa sababu ya kungoja kitanda. Siku moja kabla, kupima damu. Ikiwa chembechembe zimeshuka sana, unarudishwa nyumbani na nauli yako imekwenda. Kisha wiki ya pili baada ya dawa, ambayo ndiyo hatari kuliko zote, kinga ya mtoto ikiwa chini kabisa. Hakuna matembezi, hakuna kanisa, hakuna mgeni mwenye mafua, na ukisikia kuna tetekuwanga kwenye ploti unahama kwa muda. Raundi sita kwa hesabu ya daktari ni miezi minne na ushee. Zetu zilichukua karibu saba. Katika hiyo miezi yote dadangu ana kibanda cha smoki na mayai kwa stage, kibanda ambacho asipokifungua hakuna anayekifungua.

Bima? Tulikuwa nayo, na ilisaidia, sitadanganya. SHA ilipoanza Oktoba 2024, matibabu ya saratani yaliwekewa Sh550,000 kwa mwaka: Sh400,000 kutoka SHIF, na Sh150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Hicho kiwango kilikuwa cha familia nzima, si cha kila mgonjwa. Na kwa wasio wa kuajiriwa, kama dadangu na shemeji, mpango ulianza kwa kutaka mchango wa mwaka mzima ulipwe kwa mkupuo. Ukiwa na mtoto mdogo na hujalipa kwa sababu "hakuna mtu mgonjwa," ongea na mtu aliyewahi kutafuta hizo pesa akiwa amekaa kwa ngazi za wodi. Halafu kuna vitu ambavyo hakuna kadi inayolipa. Nauli. Chakula cha anayelala na mtoto. Kodi ya nyumba ambayo haijui kuna mgonjwa. Skani moja tulifanyia nje kwa sababu mashine ilikuwa imeharibika.

Hiyo skani ndiyo iliyokula ada yangu. Nilikuwa mwaka wa pili wa diploma ya uhasibu, pesa za muhula ziko kwa simu, nikazituma. Watu huisimulia hii hadithi kama mimi ni shujaa, na nimewaacha kwa muda mrefu kwa sababu inapendeza. Ukweli ni kwamba nilikuwa tayari na mitihani mitatu ya kurudia na nilikuwa naogopa kumwambia mathe. Saratani ya mtoto ilinipa njia ya kutoka nikiwa nimenyoosha shingo. Sijui kama ningerudi darasani hata pesa zingebaki. Wewe uliyeacha chuo unanielewa.

Lakini nilipoacha nikawa na kitu ambacho hakuna mwingine katika familia alikuwa nacho: muda. Nikachukua kalenda ya bure ya duka la dawa, nikaibandika ukutani kwa dadangu, nikaandika majina. Nani analala wodini Jumatano. Nani anafungua kibanda. Nani anamchukua Mkubwa shuleni. Mama mboga wa ploti alijiandikisha Alhamisi zote bila kuulizwa. Jamaa niliyekuwa nasoma naye, ambaye hata hatukuwa marafiki sana, alikuja kutoa damu Mdosi alipopungukiwa, akarudi tena miezi mitatu ilipokwisha, kwa sababu mwanaume anaweza kutoa baada ya muda huo. Hakuwahi kutuma hata shilingi. Ningeambiwa nichague kati yake na watu themanini wa ile grupu, singefikiria mara mbili.

Mkubwa ndiye dada yake Mdosi. Ana miaka saba. Yeye pia alipimwa macho, kwa sababu ndugu wa mtoto mwenye ugonjwa huu lazima waangaliwe, na akapatikana hana shida. Wiki mbili baadaye akaanza kusema jicho linamuuma. Tukampeleka, hakuna kitu. Akasema tena. Dadangu alikuwa amechoka, akamfokea. Siku hiyo usiku mimi ndiye nilikuwa zamu ya kumlaza, na kwa giza akaniuliza, "Anko, na mimi nikitolewa jicho, mum atakuja kulala na mimi?"

Hapo nilijua kalenda yetu ilikuwa na jina limekosekana. Tukaweka siku ya Mkubwa. Jumamosi alasiri, yeye na mamake tu, hata kama ni kutembea mpaka kwa sokoni na kununua ndizi moja. Wakati mwingine dadangu alilala usingizi wakiwa wamekaa kwa benchi, na Mkubwa anamlinda mkoba. Jicho liliacha kuuma.

Kuhusu miti shamba kuna jambo nilijifunza wodini ambalo nilimpelekea yule anko wangu moja kwa moja. Moja ya dawa tatu za Mdosi inaitwa vincristine. Inatoka kwa mmea wa Madagaska, kile kimaua cha waridi au cheupe chenye petali tano ambacho watu hupanda kando ya nyumba, na ukienda Pwani utakiona kila mahali. Dawa ya kisasa, mti wa kando ya mlango. Anko alifurahi sana, akasema si aliwaambia! Nikamwambia amalizie: sumu yake ni kali kiasi kwamba inapimwa kwa miligramu, tena kulingana na ukubwa wa mwili wa mtoto, na haipewi kwa kunywa. Ukichemsha majani nyumbani, unapika kitu usichojua kipimo chake. Alinyamaza. Hajaleta namba ya mtu tena.

Usiku mmoja bado unaniamsha. Raundi ya nne, siku ya kumi baada ya dawa. Hospitalini walikuwa wametupa sheria moja ambayo dadangu aliandika kwa kalamu nyekundu kwenye friji ya jirani, kwa sababu sisi hatuna friji: joto likifika 38, njoo, usingoje asubuhi. Kipimajoto nilinunua kwa duka la dawa kwa mia nne. Saa saba kasorobo usiku kikasoma 38.3. Mdosi alikuwa amelala, hata hakuonekana mgonjwa, mashavu tu ndiyo moto. Jirani mmoja, mama wa watoto wanne na mwenye nia nzuri, alisema tumpe dawa ya maji ya homa alale, twende asubuhi mvua ikiisha.

Ni ushauri ambao ungemfaa mtoto mwingine yeyote kwenye ile ploti. Lakini mtoto aliye kwa kemo hana askari wa kupigana. Dawa ya homa inashusha joto, kipimajoto kinakuonyesha namba nzuri, na bakteria wanaendelea na kazi yao ndani ya damu. Kufika asubuhi unaweza kuwa huna mtoto. Shemeji alimpigia rafiki yake wa bodaboda. Tulimfunga Mdosi kifuani kwa shemeji na leso mbili na karatasi ya nailoni juu, wakaondoka kwenye mvua, mimi na dadangu tukafuata na boda ya pili. Pale mapokezi tulionyesha kadi yake ya matibabu, na ndani ya saa moja alikuwa na antibayotiki kwenye mshipa. Alikaa siku sita. Siku ya nne alianza kutembea mikono nyuma, akikagua vitanda vya wengine.

Nimemsema shemeji kwa ile simu ya mamake, kwa hivyo acha nimseme na kwa hili. Baada ya upasuaji, tundu la jicho lilipaswa kusafishwa na kupakwa dawa kila siku. Dadangu hakuweza. Alijaribu mara mbili, akatapika. Mimi nilisingizia mikono yangu hutetemeka. Shemeji alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, mikono ile iliyojaa makovu ya cheche, akamlaza Mdosi kwenye paja, akafanya. Akafanya kila asubuhi kabla ya kwenda Kariobangi. Lilipokuja jicho la bandia ni yeye aliyefundishwa kulitoa, kuliosha na kulirudisha. Daktari akamwambia jambo jingine: mtoto mwenye jicho moja lazima avae miwani ya kulinda, hata kama haihitaji kuonea, kwa sababu hana jicho la akiba. Shemeji amechomelea miaka tisa bila miwani, akifunga macho tu cheche zikiruka. Siku waliyopata miwani ya Mdosi, alipitia dukani akanunua ya kwake.

Raundi ya sita iliisha Oktoba. Hatukupiga kengele wala kukata keki, tulikuwa tumechoka, tukala chapati na maharagwe tukalala. Bado anarudi kupimwa jicho lililobaki, na atarudi kwa miaka. Kuna siku dadangu bado anahesabu siku kumi baada ya kitu ambacho hakipo tena.

Mwezi uliopita Mdosi alifikisha miaka mitatu. Kila mwanzo wa mwezi ninampiga picha usiku, taa zimezimwa, flashi imewashwa. Nimeambiwa na daktari kwamba hiyo haichukui nafasi ya kliniki, na ninaelewa. Ninapiga tu. Jicho la bandia halirudishi mwanga, linabaki jinsi lilivyo, kahawia. Ninaangalia la kulia.

Juzi alikataa kukaa. Alitaka nimpe simu aone katuni. Nikamwambia moja tu, angalia hapa, na akaniangalia na ile sura ya landilodi aliyedanganywa mara nyingi. Nikapiga. Nikavuta picha kwa vidole viwili mpaka jicho likajaa kioo.

Jekundu.

Nikampa simu yake.